Wizi wa Kigae cha Saba

"Fungeni milango! Jiwe limeibiwa humu humu kituoni!"

Sauti hiyo ndiyo iliyotutenganisha wiki iliyopita, msomaji, na ndiyo inayotukutanisha leo. Sajini amesimama mlangoni, mikono ameitanua kama golikipa. Nyuma ya kaunta Koplo ameshika kopo la maziwa ya unga ambamo kituo hutunza vielelezo vidogo. Na juu ya kaunta, chini ya dirisha kubwa, limekaa jiwe moja dogo kama punje ya hindi, la kijani kibichi, linametameta bila haya.

Ubaya uko wapi? Ubaya ni kwamba siku nne zilizopita, usiku, Sajini alitia ndani ya kopo hilo, kwa mkono wake mwenyewe, jiwe jekundu.

Kama gazeti lako la wiki jana lilikwenda kufungia sabuni, shika haya machache tu. Mzee mmoja anayeitwa na mtaa mzima Mwenye Magodoro, kwa kuwa ndiyo biashara yake, alimpelekea Dada Lenzi jiwe la kijani alipime thamani. Dada Lenzi akalipima, akaandika cheti, akagonga muhuri. Mdogo wake, Mkataji, akaling'arisha. Mzee akaenda nalo kwa mchumba wake, sebule ya mapazia mazito, akafungua kiboksi chini ya balbu. Lahaula, jiwe jekundu! Mchumba alikuwa ameshashona gauni la kijani. Kiboksi kikamrudia mzee usoni, na mzee akatoka mbio mpaka kituoni kushitaki kwamba Mkataji amembadilishia jiwe.

Mkataji yuko mahabusu. Saa sita kamili gari la mahakama linakuja kumchukua. Na sasa hivi ni saa tano na dakika kumi.

Dada Lenzi alikuwa amekuja kumletea mdogo wake shati safi. Alilitazama jiwe pale kaunta, moyo ukamruka kwa furaha.

"Ndilo hili!" alisema. "Ndilo nililopima mimi. Afande, jiwe la mzee si hili hapa? Mfungulie mdogo wangu twende zetu."

"Dada, subiri," Sajini alisema. "Mimi nimepokea jekundu. Nimeandika jekundu. Nimesaini jekundu. Leo Koplo anatoa kijani. Funguo za stoo tunazo watu wawili, na mimi si mwizi. Hebu toa mmoja, uone anabaki nani."

Koplo alifikiri kidogo.

"Nabaki mimi, afande," alisema.

"Basi uko chini ya ulinzi."

Koplo alikuwa askari mtiifu. Alivua mkanda, akaingia mahabusu kwa miguu yake, akajifungia, kisha akapitisha ufunguo katikati ya nondo kumrudishia mkubwa wake. Mkataji akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Sajini alilifumba jiwe kiganjani, akapita kwenye kijia chenye vigae mpaka stoo ya vielelezo. Dada Lenzi akamfuata unyounyo. Stoo ile haina dirisha. Ina meza, rafu, na balbu moja ya kizamani inayoning'inia kwa waya wake, ile yenye uzi unaowaka wekundu ndani.

Sajini akafungua kiganja.

Jiwe lilikuwa jekundu, wekundu wa divai.

"Limerudi!" Sajini alipiga kelele. Kisha uso ukamsawijika. "Na lile la kijani?"

"Afande, kiganja chako hakikufunguka njia nzima," Dada Lenzi alisema, ingawa sauti yake ilikuwa imeanza kukauka.

Sajini aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu asiyemjua. Alikuwa mtu wa haki, hilo lazima tumkubalie. Aliliacha jiwe mezani, akarudi mahabusu kwa hatua nzito, akamfungulia Koplo, akamkabidhi mkanda wake.

"Koplo, nimeiba jiwe la kijani. Nikamate."

"Ndiyo, afande. Afande nipige saluti kwanza au nikamate kwanza?"

"Saluti kwanza."

Wakati hao wanapigiana saluti, Dada Lenzi alibaki stoo peke yake, mkono umeshika ukingo wa meza. Maana yeye, msomaji, alikuwa ameshajua. Alijua tangu kiganja kilipofunguka.

Mawe hayakuwa mawili. Lilikuwa jiwe moja, la aina ambayo watu wa kazi yake huiita kinyonga. Mwanga wa jua una kijani kingi, jiwe likakirudisha machoni. Mwanga wa balbu ya uzi una wekundu mwingi, jiwe likarudisha wekundu. Halina ujanja mwingine wowote. Mtoto wa darasa lake la kwanza la uthamini angelijua, mradi tu alitazame kwenye taa mbili.

Na hapo ndipo palipomchoma. Kanuni ya kwanza ya wathamini ni taa mbili: dirishani, kisha kwenye balbu. Anayeandika cheti kwa taa moja, chama chao humfutia leseni bila hata kumwita. Dada Lenzi mwenyewe ndiye aliyewafundisha kanuni hiyo wathamini wanane, kwa sauti kubwa, huku akiwapiga rula kwenye vidole. Balbu ya mezani kwake ilikuwa imeungua wiki tatu. Zile nyeupe za kisasa hazifai kwa kazi hii, na za kizamani ni za kutafuta kwa tochi. Kila siku alisema kesho. Mwenye Magodoro alipokuja na jiwe lake ana haraka ya mchumba, alilitazama dirishani tu, akaandika "kijani", akagonga.

Akisema ukweli, mdogo wake anatoka na yeye anapoteza kazi ya miaka kumi na tisa. Akinyamaza, saa sita gari hilo.

Ilikuwa saa tano na nusu. Akaamua ajaribu njia ya tatu.

Aliwaita askari wote wawili kaunta, akatoa kwenye mkoba kioo chake cha kukuzia na mizani yake ndogo inayotosha kwenye kiganja.

"Afande, mimi nitakuonyesha kwamba hili ni jiwe moja. Tazama. Karati tatu na robo." Akakimbia nalo stoo, mizani mkononi, nao nyuma yake. "Na hili jekundu? Karati tatu na robo. Umeona?"

Sajini aliona. Alitikisa kichwa kwa heshima kubwa.

"Mwizi huyu ni hatari. Amekata la pili kwa uzito ule ule mpaka robo. Hii si kazi ya mtu wa barabarani, hii ni kazi ya fundi aliyebobea." Akamgeukia Koplo. "Andika: mshitakiwa ni fundi aliyebobea."

Dada Lenzi alichukua kioo cha kukuzia. "Basi tutazame ndani yake. Kila jiwe lina dosari yake, afande, na dosari haina pacha. Mnunuzi haipendi kwa sababu inashusha bei, lakini mimi kwangu ndiyo kitambulisho. Hili lina kijistari ndani, karibu na kiuno chake, kimepinda kama mguu wa inzi. Nimekichora kwenye cheti. Weka jicho hapa."

Sajini aliweka jicho stoo, akaweka jicho kaunta, akarudi kuweka stoo. Alipoinua kichwa alikuwa amepauka.

"La kijani lina mguu wa inzi," alisema polepole. "Jekundu lina mguu wa inzi. Inzi ana miguu sita. Koplo, bado kuna mawe manne hatujayapata."

"Mungu wangu," alisema Koplo, akaandika manne.

Saa sita kasoro dakika ishirini na tano! Dada Lenzi alilibana jiwe kwa kibano chake cha chuma, akalinyoosha mbele ya pua zao.

"Tutembee nalo. Taratibu. Wewe afande kushoto, Koplo kulia, mimi katikati. Macho yenu yasitoke kwenye jiwe, hata kupepesa msipepese. Tutaona nani anaiba."

Wakatembea. Kijia kilikuwa na vigae kumi na vitatu, na kila walipokanyaga kigae Sajini alikitaja kwa namba. Kigae cha kwanza kijani. Cha pili kijani. Cha tatu, cha nne, kijani, machozi yanawatiririka kwa kutopepesa. Cha tano kijani kimeanza kuchoka. Cha sita sijui. Na kwenye kigae cha saba, pale mwanga wa dirisha unapokutana na mwanga wa balbu, jiwe lilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana.

"Simama!" Sajini alinguruma. "Mmeona? Wizi unafanyika hapa!"

Alitoa chaki mfukoni, akakizungushia kigae cha saba duara. Koplo akaleta kamba, akaifunga ukuta hadi ukuta, akasimama kando ya kigae na rungu lake. Tangu dakika hiyo hakuna aliyeruhusiwa kupita, na kwa kuwa choo kilikuwa ng'ambo, jambo hilo lilikuja kuwagharimu baadaye.

"Koplo, kigae hiki kikijaribu kuondoka, piga filimbi."

"Ndiyo, afande."

Hapo ndipo Mwenye Magodoro alipoingia. Alikuwa amevaa suti, na kwapani amebana mto mdogo, maana alikuwa amesikia mabenchi ya mahakama ni magumu na yeye hakutaka kuaibisha biashara.

"Mwizi wangu yuko tayari?" aliuliza.

Sajini alimtoa Mkataji mahabusu, pingu mkononi. Dada Lenzi alimwona mdogo wake na shati lile lile la siku nne, kola imegeuka nyeusi, midomo imemkauka, na bado anamtabasamia. Njia ya tatu ilikuwa imekufa, na saa ya ukutani ilikuwa inasema saa sita kasoro dakika kumi na tano.

"Kosa ni langu," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Jiwe ni moja. Ni kinyonga. Kwenye jua kijani, kwenye balbu jekundu, na hapo kwenye chaki yako, afande, linagombaniwa na mianga miwili. Nilipaswa kulipima kwa taa mbili, nikalipima kwa moja kwa sababu ya uvivu wangu. Cheti nilichompa mzee ni cha uongo. Mdogo wangu hakubadilisha kitu. Muhuri wangu huu hapa."

Akautua muhuri juu ya kaunta. Ulitoa mlio mdogo tu.

Sajini alikuna kidevu. "Yaani kuna mawe ya namna hiyo?"

"Yapo ya kila namna. Yako yanayobeba nyota, ukiyasogeza nyota inatembea juu yake. Yako yenye mstari mmoja wa mwanga kama jicho la paka, ukigeuza unakufuata."

"Paka naye amehusika?"

"Hapana, afande."

"Koplo, futa paka."

Mwenye Magodoro alikuwa ameshajisogeza karibu, mto umemponyoka bila yeye kujua. "Mama, ngoja kwanza. Uliniambia jiwe langu ni la magodoro arobaini." Mzee huyu, msomaji, hakuwahi kuelewa bei yoyote duniani mpaka ageuziwe kuwa magodoro.

"La kijani peke yake, lenye mguu wa inzi ndani, ndiyo, arobaini. Lingekuwa safi ungepata sitini."

"Na hili linalogeuka?"

Dada Lenzi alivuta pumzi. Ukishaanza kusema kweli ni lazima uimalize. "Mengi yanayogeuka hugeuka kinyongenyonge, kijani cha matope kuwa kahawia, na hayana bei kubwa. Lako linageuka lote. Kijani kweli huku, jekundu kweli kule, na limekatwa vizuri, halina upande uliokufa, usiorudisha mwanga. Hapo mguu wa inzi unasamehewa."

"Magodoro mangapi, mama?"

"Duka lako lote, mzee. Pamoja na jengo."

"Na mito?"

"Na mito."

Mwenye Magodoro alitafuta pa kukaa, akakaa sakafuni, pembeni tu ya mto wake.

Lakini aliyepiga kelele alikuwa Mkataji.

"Dada! Kwa nini umesema?"

"Nisiseme vipi na wewe unakwenda jela?"

"Mimi nilijua!" Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Nilijua siku ile ile. Nililiweka kwenye gurudumu, balbu yangu ikaliwakia, nikaona jekundu. Nikakimbia kuja kukwambia, nikakuta mzee ameshatoka na cheti chako. Nikasema labda kwao hawana balbu. Waliponikamata ningewaambia neno moja tu wakaniachia. Lakini ungeanguka wewe. Siku nne nimelala kwenye saruji ili leseni yako isiguswe, na wewe unakuja kuitoa kwenye kaunta kama chenji!"

Dada Lenzi alimvuta mdogo wake kwa kola ile chafu, akamkumbatia, pingu zikiwa katikati yao. Alikuwa anampenda na alikuwa na hamu ya kumzaba kibao, yote kwa pamoja.

Sajini alipenga kamasi. "Nimeguswa," alisema. "Naandika fomu ya kumwachia." Akachukua kalamu, akajaza jina, akajaza tarehe, akafika mstari wa tatu. "Kielelezo kimerudishwa kwa mwenyewe. Mzee, sogea upokee."

Mzee alikuwa ameshafika.

"Ila..." Sajini alifungua jalada, akasoma. "Hapa kwenye maelezo yako umeapa hivi: jiwe langu ni la kijani, hilo jekundu silitambui, si langu, wala sina haja nalo. Dole gumba lako hili."

"Nilikuwa na hasira!"

"Kiapo ni kiapo. Kwa hiyo jiwe likiwa dirishani ni lako. Likiwa stoo si lako. Kwenye kigae cha saba mpaka niwaulize wakubwa."

"Duka langu zima lisiwe langu stoo?"

"Wala jengo, mzee."

Nje, gari likapiga honi. Sita kasoro dakika nne! Mwenye Magodoro aliomba kwa unyonge alishike jiwe mara moja tu, aliage. Sajini, ambaye alikuwa bado ameguswa, akampa.

Mzee akaligeuzageuza. Akapeleka mkono mdomoni. Koo likapanda, koo likashuka.

"Sasa niambieni," alisema, akijifuta midomo kwa leso, "ni la rangi gani?"

Sajini alilizunguka tumbo la mzee mara moja, akilitazama kwa makini.

"Tumboni hakuna dirisha," alisema. "Wala balbu."

"Afande, mwachie mdogo wangu!" Dada Lenzi alipaza sauti. "Umeshaelewa kwamba jiwe ni moja!"

"Nilielewa lilipokuwepo. Hakimu atataka kuliona. Nisipokuwa na jiwe sina jiwe moja, na nisipokuwa na jiwe moja, mdogo wako alibadilisha mawili." Kisha uso ukamng'aa. "Isipokuwa mthamini mwenye leseni aniandikie cheti kwamba ndani ya mzee huyu mna jiwe moja, kinyonga, karati tatu na robo. Hapo nasaini sasa hivi."

"Leseni yangu nimeiweka hapo."

"Sijaiandika popote bado. Chukua muhuri wako."

Dereva wa mahakama aliingia na karatasi mkononi. "Mshitakiwa yuko wapi? Nina dakika moja."

Dada Lenzi alivuta fomu. Alikuwa ameharibu maisha yake kwa kupima jiwe kwenye taa moja. Sasa alitakiwa apime kwa giza. Alimtazama mdogo wake, ambaye dereva alikuwa ameshamshika mkono. Akaandika jiwe moja. Akaandika kinyonga. Akaandika uzito, dosari, ukataji, na mahali lilipo: tumboni mwa mlalamikaji. Akauinua muhuri.

"Dada, usigonge!" Mkataji alipiga kelele. "Hujaliona! Dada, hujaliona likiingia!"

Akagonga.

Sajini akasaini chini yake, pingu zikafunguliwa, na wino ulikuwa bado haujakauka Mwenye Magodoro alipookota mto wake, leso ikiwa bado ameifumba ngumini, akaupiga vumbi, akafungua mdomo wazi kabisa, akainua ulimi, akawaonyesha wote.

"Nani kawaambia nimemeza jiwe?" aliuliza. "Mimi nimemeza mate, kwa mshituko. Afande, mkamate huyu mwanamke. Ameandika cheti cha uongo mara ya pili, na safari hii mbele ya macho yako."